UZI: Seva yetu ya nyumbani yazama kila jioni. Nipunguze nini?

#1 KidakaLangoni (Lamu), Jumatano saa 4:10 usiku

Asalaam aleikum waungwana. Nina mgonjwa, naomba mumtazame.

Nyumba yetu iko Langoni, ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe unene wa dhiraa nzima. Chini twakaa watu saba, juu mna vyumba vitatu vya wageni. Mwaka jana niliamua mambo yetu yasilale tena kwenye mashine za watu. Sababu ni pasipoti. Ndugu yangu alikuwa akipiga picha pasipoti ya mgeni, amtumia mama kwa WhatsApp, mama amtumia shangazi anayeandika daftari. Siku moja binamu yangu wa Mombasa anionyesha picha za harusi kwenye simu yake, katikati ya bibi harusi na birika la kahawa nikaona pasipoti ya Mfaransa aliyelala kwetu miezi minne nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikanunua Raspberry Pi 3, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, ya mtumba, ya memori GB 1, na diski ya nje ya TB 1. Nikakiweka kisanduku ndani ya kidaka cha ukumbini, pale bibi alipokuwa akipanga sahani zake. Kinapendeza, sitaki uongo.

Nikaanza kuweka vitu. Nextcloud kwa mafaili na kalenda ya vyumba. Pi-hole kufukuza matangazo. Matrix ili familia tuandikiane bila WhatsApp. Jellyfin kwa video. PhotoPrism kwa picha, ile inayotambua nyuso. WireGuard, ya kuyafikia mafaili ukiwa mbali. Na relay ya Tor, yaani kituo cha kuwapitishia mtandao watu wasiotaka kujulikana, kwa ajili ya thawabu.

Mchana yaenda. Ikishapita Magharibi, watu wote wakiwa nyumbani, yazama. Picha moja yafunguka kwa dakika nzima. Na ikizama haizami peke yake, yaondoka na intaneti ya nyumba yote. Mgeni ashuka ngazi na simu mkononi kuniambia waifai yenu mbovu.

Pesa ya mashine kubwa hakuna, msimu umekuwa mwepesi. Nipunguze nini?


#2 PwezaMkavu, Jumatano saa 4:31 usiku

Punguza wageni.


#3 FundiMalindi (Malindi), Jumatano saa 5:02 usiku

Mwache Pweza. Kabla hujang'oa chochote, niambie hicho kisanduku chala stima kupitia nini. Chaja gani, waya gani. Kisha jioni kikizama andika `vcgencmd get_throttled` uniletee jibu.


#4 KidakaLangoni, Alhamisi saa 2:20 usiku

Chaja ya simu, ilikuwa imelala tu kwenye droo. Waya mrefu, mita mbili hivi, ili ufike kidakani. Jibu limesema `0x50005`.


#5 FundiMalindi, Alhamisi saa 2:41 usiku

Nilijua. Hiyo tano ya mwisho maana yake sasa hivi, ukiniandikia, umeme uko chini na prosesa imejipunguza mwendo. Ile tano ya mbele ni kumbukumbu kwamba tangu uwashe ilishatokea. Kisanduku hicho chalalamika umeme ukishuka chini ya volti 4.63. Chaja yako imeandikwa volti 5, lakini waya mwembamba wa mita mbili wanywa njiani, na hapo diski ya nje nayo yanyonya kupitia mlango huohuo wa USB.

Dukani kwangu nalipata hili kila wiki. Mtu aja na mashine "imechoka", kumbe ana njaa. Pi 3 yataka chaja ya volti 5.1 na ampia 2.5, waya mfupi mnene, na diski yako ipe umeme wake yenyewe kupitia habu ya USB yenye chaja. Hayo si matumizi ya kununua mashine mpya. Anza hapo.


#6 KidakaLangoni, Jumapili saa 3:05 usiku

Nimebadilisha chaja na waya, na habu nimepata kwa jirani. Sasa `get_throttled` yatoa `0x0`. Diski haikatiki tena, na kwa hilo Mungu akuzidishie, Fundi.

Ila jioni bado. Si kuzama kama mwanzo, ni kukokota. Nimeandika `free -h`: memori iliyobaki ni MB 38, na swapu ya MB 100 imejaa yote. `vmstat 1` kwenye ile safu ya `wa` yacheza kati ya 60 na 75. Sijui ni nini.


#7 MaalimWaShela (Lamu), Jumapili saa 4:15 usiku

Safu ya `wa` ni muda ambao prosesa imekaa mikono kifuani ikisubiri diski au kadi. Sabini maana yake katika kila dakika, sekunde arubaini na mbili hivi haifanyi kazi yoyote, inangoja tu. Kwa hiyo watu wakikwambia prosesa yako ni dhaifu, waambie bado haijapata nafasi ya kuonyesha udhaifu wake. Kilichokwisha ni memori. Ikiisha, mfumo unachukua vitu vilivyo kwenye memori na kuvipeleka swapu, na swapu yako iko kwenye ile kadi ndogo ya SD, kitu kilichoundwa kuhifadhi picha za kamera. Kuandika vipande vidogo vidogo hapa na pale ndiyo kazi inayoiweza vibaya kuliko zote, na ndiyo inayoiua mapema.

Tufanye hesabu ya dukani. Una kama MB 900 baada ya kipande kinachotengewa picha za skrini. Nextcloud imeandikwa kwa lugha ya PHP, na mfumo wa Debian ukikuwekea PHP-FPM, programu inayoiendesha, unaruhusu wafanyakazi watano kwa pamoja. Kwangu mimi kila mmoja alikula kama MB 70 akiwa na kazi. Hiyo ni 350. MariaDB, ghala la data lililo nyuma yake, peke yake inatenga MB 128 za memori bila kuulizwa. Matrix yako bila shaka unaiendesha kwa seva ya Synapse, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na ukijiunga na chumba kimoja kikubwa cha watu wa nje utaiona ikinenepa. PhotoPrism, wenyewe walioiandika wanapendekeza GB 3. Tatu! Wewe una moja, na ndani yake umeishindilia pamoja na wenzake sita.

Ile relay ya Tor nayo nina swali. Ruta yako upande wa nje ina anwani gani ya IP?


#8 KidakaLangoni, Jumapili saa 4:22 usiku

Yaanza na 100.71.


#9 MaalimWaShela, Jumapili saa 4:40 usiku

Basi thawabu hukuipata. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni anwani ambazo kampuni za mtandao hutumia kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukubishia hodi, na relay ya Tor isiyofikika kutoka nje haitumiki na mtu. Imekaa tu miezi yote ikila memori. Kama nia yako ni kusaidia, kuna Snowflake, njia nyepesi ya kuwasaidia watu wa Tor, hiyo inafanya kazi hata ukiwa nyuma ya ukuta wa namna hiyo, ila iache kwanza tumtibu mgonjwa.

Nikupe mbinu ninayotumia mimi. Usipige kura nyumbani ya nini kibaki, maana kila mtu atasema anataka vyote. Kila jioni zima programu moja kwa `systemctl stop`, kimya kimya, usimwambie mtu. Atakayelalamika ndiye mtumiaji. Ikipita siku tatu bila sauti, iondoe.


#10 MwanaHesabu, Jumatatu saa 1:12 asubuhi

Samahani niwaingilie. Haya mateso yote ya nini? Mpeni huyu ndugu akaunti ya wingu la kulipia, shilingi mia chache kwa mwezi, kila kitu chafunguka papo hapo, bakapu wafanya wao. Nimehesabu: chaja, habu, diski, kadi zitakazokufa, usiku wa kulala saa saba ukisoma vikao kama hivi. Faragha yenu ni ghali.


#11 DadaWaUfunguo (Malindi), Jumatatu saa 3:30 asubuhi

MwanaHesabu, hesabu yako si mbaya, umeacha mstari mmoja tu. Zile pasipoti si zake. Mgeni alimkabidhi yeye. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mwenye nyumba ya wageni hapa Kenya ni mtu anayeshika data za watu, awe ana hoteli ya ghorofa saba au vyumba vitatu juu ya ukumbi wa mama yake.

Lakini na wewe Kidaka nikukosoe, usiudhike. Unalia mwendo, nami naona jambo jingine. Programu saba ni milango saba. Kila mmoja una paswadi yake, masasisho yake, tundu lake litakalogunduliwa siku wewe uko baharini. Lini mara ya mwisho ulisasisha hiyo Jellyfin? Mtu mmoja anayefanya kazi hii baada ya swala ya Isha hawezi kulinda milango saba. Kwa hiyo unapopunguza kwa ajili ya mwendo, wajilinda pia, kwa bei hiyohiyo.

Swali la pili: pasipoti ulizonazo sasa hivi kwenye Nextcloud ni ngapi, na za tangu lini?


#12 KidakaLangoni, Jumatatu saa 2:50 usiku

Nimehesabu. Mia moja na sita. Ya zamani ni ya mwaka jana mwezi wa nne. Naona haya.


#13 DadaWaUfunguo, Jumatatu saa 3:01 usiku

Na shangazi bado aandika daftari?


#14 KidakaLangoni, Jumatatu saa 3:04 usiku

Hajaacha hata siku moja. Jina, nambari, nchi, siku ya kuja, siku ya kuondoka. Mwandiko wake mzuri kuliko chapa.


#15 PwezaMkavu, Jumatatu saa 3:06 usiku

Kwa hivyo seva bora ya faragha Langoni nzima ni shangazi.


#16 DadaWaUfunguo, Jumatatu saa 3:15 usiku

Cheka, lakini ndivyo. Kama daftari laandikwa mgeni akiwa amesimama pale na pasipoti yake mkononi, picha ni ya kazi gani? Sheria yasema usishike data zaidi ya unayohitaji, wala kwa muda mrefu kuliko unaohitajika. Shangazi na akae mlangoni, aandike, mgeni arudishiwe kitabu chake. Futa zile mia na sita, na kumbuka kufuta kwenye bakapu na kwenye pipa la taka la Nextcloud, maana huko hukaa siku thelathini hivi.

Baada ya hapo niambie Nextcloud yabaki na kazi gani.


#17 MaalimWaShela, Jumatatu saa 4:20 usiku

Hapo nimsemee Nextcloud kidogo, maana Dada akianza kufagia hasazi kitu. Inaweza kukaa kwenye GB 1 ukiifunga breki: wafanyakazi wa PHP wawe wawili au watatu, kazi za nyuma ziendeshwe kwa cron, saa ya mfumo, kila dakika tano badala ya kungoja mtu afungue ukurasa, APCu iwashwe ili majibu yanayorudiwa yakumbukwe, na vijipicha vya onyesho uvipunguze ukubwa au uvizime kabisa. Vijipicha ndivyo vinavyoua. Simu ya siku hizi inapiga picha ya megapikseli 50, na ili kutoa kijipicha cha ukubwa wa kucha lazima picha nzima ifunuliwe kwenye memori kwanza. Mama akifungua folda yenye picha mia mbili baada ya Magharibi, kisanduku chako kinafunua kimoja kimoja huku wengine wote wamepanga foleni nyuma.

Na swapu itoe kwenye kadi. Weka zram, ambayo inabana kurasa za memori ndani ya memori yenyewe. Prosesa yako haina kazi kubwa kwa sasa, basi iipe.


#18 KidakaLangoni, Jumamosi saa 5:12 usiku

Nimerudi na ripoti ya kuzima kimya kimya. Zram nimeweka, tofauti naiona.

Relay ya Tor: hakuna aliyejua ilikuwapo.

Matrix: siku nne, kimya. Nikaingia kutazama, ujumbe wa mwisho ni wangu mwenyewe, nauliza "Mwaona ujumbe huu?" Hakuna aliyejibu. Walinijibu kwa WhatsApp.

Jellyfin: mpwa wangu wa miaka tisa alilalamika usiku wa kwanza, kwa kilio. Lakini nilipotazama, yeye hucheza katuni sita zilezile kwenye televisheni. Nimempa kwenye fleshi, imechomekwa nyuma ya tv, amenyamaza. (Fundi alinionya kitambo kwamba Pi 3 haiwezi kubadili muundo wa video papo kwa papo, yaweza tu kuitoa kama ilivyo.)

Sasa PhotoPrism. Hii ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo niliyokuwa na hakika itaondoka. Niliizima Jumatano. Alhamisi baada ya Alfajiri mama akaja amesimama mlangoni mwa chumba changu na simu. Hakusema seva mbovu. Aliniuliza, "Baba yako umempeleka wapi?"

Kumbe kila asubuhi hufungua, abonyeza uso wa marehemu, na programu yamletea picha zake zote, za miaka yote, mpaka zile za kwenye jahazi ambazo mimi mwenyewe nilisahau kwamba nilizipiga skana. Nimeiwasha tena hapohapo. Sasa niko palepale: hii yala memori ya wote na siwezi kuitoa.


#19 FundiMalindi, Jumamosi saa 5:40 usiku

Mungu amrehemu mzee.

Njoo Malindi nikuuzie laptopu ya mtumba iliyovunjika kioo. GB 4, betri yake bado yashika saa moja, na hiyo betri ndiyo UPS yako stima ikikatika. Prosesa nyingi za Intel za baada ya 2010 zina ndani maagizo ya AES, njia ya kugeuza data kuwa fumbo lisilosomeka bila paswadi, basi kufunga diski hakutaisumbua. PhotoPrism itakaa vizuri.


#20 MwanaHesabu, Jumamosi saa 5:52 usiku

Na stima je? Kisanduku chake kikila wati 4 mchana na usiku ni kama yuniti 35 kwa mwaka. Laptopu ikila 15 ni yuniti 131. Tokeni nazo ni pesa, Fundi.


#21 FundiMalindi, Jumamosi saa 5:58 usiku

Leo umehesabu vizuri, sina neno.


#22 MaalimWaShela, Jumapili saa 12:40 asubuhi

Nimelala na jambo la mama yako. Nadhani tunalitazama kwa upande usio wake.

Mama hatumii utambuzi wa nyuso. Mama anatazama picha za mumewe. Kutambua nyuso ni kazi ya mara moja: baba, Mungu amrehemu, hapigi picha mpya. Hakuna sababu mashine ya GB 1 ikeshe kila siku ikingoja kujibu swali ambalo jibu lake halitabadilika tena.

Una laptopu ya kazi? Weka PhotoPrism humo kwa muda, chomeka ile diski, iache itambue usiku mmoja au mitatu. Kisha chagua uso, toa picha zote, zitie folda moja ya kawaida, iite jina atakalolijua. Folda hiyo ipeleke kwenye simu ya mama kwa Syncthing, programu inayolinganisha folda kati ya kifaa na kifaa. Atakuwa nazo mkononi stima iwepo isiwepo, seva iwepo isiwepo. Kwenye Android programu rasmi ya Syncthing iliachwa mwishoni mwa 2024, tumia ile inayoitwa Syncthing-Fork. Upande wa simu weka ipokee tu, asije akafuta kwa kidole akafuta nyumba nzima.

Tahadhari moja: mara ya kwanza Syncthing itasoma kila faili na kulipigia hesabu, Pi 3 itatokwa jasho. Ianzishe usiku watu wakilala.


#23 DadaWaUfunguo, Jumapili saa 3:10 asubuhi

Naongeza, Syncthing yakutoa na shida nyingine. Ulitaka WireGuard ili ndugu yako afikie mafaili akiwa Mombasa, sivyo? Nyuma ya anwani ya 100.71 ungelazimika kukodi seva ndogo nje iwe daraja, na hiyo seva ya kukodi kwa kawaida ingefungua kila pakiti na kuifunga upya, yaani umejenga nyumba ya faragha ukampa ufunguo bawabu wa mtaa mwingine. Syncthing ikishindwa kuonana moja kwa moja hupitia relay za jumuiya yake, na hizo hazioni ndani, kwa kuwa mafaili yamefungwa kutoka simu mpaka diski. Mwendo wake si wa kasi. Lakini laini yako yapandisha ngapi?


#24 KidakaLangoni, Jumapili saa 4:00 asubuhi

Megabiti 5 kwenda juu, siku njema.


#25 DadaWaUfunguo, Jumapili saa 4:08 asubuhi

Picha ya MB 3 ni megabiti 24, basi sekunde tano. Hata ungeweka mashine ya laki moja kidakani, aliye Mombasa angesubiri sekunde tano zilezile. Usinunue kasi ambayo waya hauwezi kuibeba.


#26 MwanaHesabu, Jumapili saa 4:30 asubuhi

Na kufunga diski mmelisahau. Kisanduku kikiibwa kidakani, hizo picha si za mama tena.


#27 MaalimWaShela, Jumapili saa 5:15 asubuhi

Hatukusahau, tuliogopa. Prosesa ya Pi 3 haina maagizo ya AES, kwa hiyo kufunga kwa AES inakufanya kwa mkono, polepole. Kuna njia inaitwa Adiantum, watu wa Google waliitengeneza kwa ajili ya vifaa vinyonge kama hivi, imo ndani ya Linux tangu toleo 5.0. Aandike `cryptsetup benchmark` alinganishe mwenyewe. Lakini kumbuka, mlango wa mtandao wa Pi 3 ni megabiti 100, MB 11 au 12 kwa sekunde ndiyo mwisho wake. Njia yoyote ya kufunga inayopita hapo haitamchelewesha mtu.

Gharama yenyewe iko kwingine. Ukifunga mfumo wote, stima ikikatika na kurudi saa nane mchana, kisanduku kitasimama kinangoja paswadi, nawe uko Mokowe. Pi-hole haipo, na kwa kuwa ndiyo inayozitafutia simu anwani za majina ya tovuti, nyumba nzima haifungui ukurasa. Kwa hiyo funga diski ya picha peke yake. Kadi yenye mfumo na Pi-hole iache wazi, iamke yenyewe. Intaneti inarudi, picha zinakusubiri urudi uzifungue kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mashine nyingine.


#28 PwezaMkavu, Jumapili saa 5:20 asubuhi

Na kwa Pi-hole si aweke 8.8.8.8, ile DNS ya Google ya kutafuta majina ya tovuti, kama ya akiba kwenye ruta? Moja ikifa nyingine ipo.


#29 DadaWaUfunguo, Jumapili saa 5:33 asubuhi

Hapana Pweza, na hili watu wengi hulikosea. Simu haingoji ya kwanza ife. Huuliza yoyote wakati wowote. Utaona matangazo yarudi nusu nusu, na majina ya kurasa mnazotembelea yavuja nje siku zote. Kwa Kidaka ningefanya hivi: wageni wa juu wawe na waifai yao na DNS ya kampuni ya mtandao, wa nyumbani wawe na Pi-hole. Mgeni hakukuomba umchujie mtandao. Na kisanduku kikizama, anayeshuka ngazi ni mpwa wako tu.


#30 KidakaLangoni, wiki tatu baadaye, Ijumaa saa 3:45 usiku

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi. Ripoti hii hapa.

Pasipoti zimefutwa, na bakapu zake. Shangazi amepewa meza ndogo dakani, pale pa kuingilia, na kalamu mpya. Wageni wampenda kuliko fomu.

Nextcloud imeondoka. Ilibaki na kalenda ya vyumba tu, nayo nimeihamishia Radicale, programu ndogo ya kalenda, ambayo kwenye `htop`, orodha ya programu zinazokula memori, lazima uitafute ili uione. Kisandukuni sasa mna Pi-hole, Radicale na Syncthing. Basi. Jioni ya leo, watu wote wako nyumbani, memori iliyobaki ni MB 540, `wa` iko kwenye moja au mbili.

PhotoPrism kwenye laptopu yangu ilitambua kwa usiku mbili. Picha 214 za baba. Zingine ilizikosa, za ujanani kabla ya ndevu, hizo mama alikaa nami tukazichagua kwa mkono, na kila moja ina hadithi, kwa hiyo ilichukua usiku wa tatu na wa nne. Folda inaitwa "Baba" na iko kwenye simu yake.

Kasoro zilizobaki. Moja, waifai. Kidaka ni baridi, kisanduku hakijapita nyuzi 52, lakini yale matumbawe hayapitishi mawimbi, na ruta ilikuwa palepale. Nimepitisha waya wa mtandao kupitia tundu la zamani la boriti mpaka juu, nikaweka ruta ya pili ya wageni. Mbili, wiki iliyopita joto lilipanda ghafla mpaka 71 kila usiku saa sita, na sikuelewa. Nikakesha. Ni paka. Amegundua kidaka kina kitu cha moto, analala juu yake. Nimetafuta kikapu cha ukili nikakifunika.

Tatu, FreedomBox. Maalim aliniambia faraghani niitazame, ni mfumo wa seva ya nyumbani ulioanzia kwenye wazo la mwanasheria Eben Moglen la 2010, wakaa juu ya Debian. Nimeona kisanduku chake cha kampuni ya Olimex cha 2019 nacho kina GB 1 kama changu, ila kina mahali pa kuchomeka betri. Hiyo betri naitamani. Programu zake za kubonyeza tu zikaingia, hizo naziogopa, kwa sababu najijua.


#31 MaalimWaShela, Ijumaa saa 4:02 usiku

Alhamdulillahi. Swali moja. Diski umeifunga?


#32 KidakaLangoni, Ijumaa saa 4:05 usiku

Nimeifunga kwa Adiantum. Paswadi ni maneno sita.


#33 MaalimWaShela, Ijumaa saa 4:06 usiku

Na ukipatwa na jambo, nani mwingine anayajua hayo maneno?


#34 KidakaLangoni, Ijumaa saa 4:19 usiku

Nilimwandikia mama kwenye karatasi. Ameitia ndani ya kasha pamoja na hati ya nyumba na miwani ya baba, akafunga. Ufunguo wa kasha huuvaa shingoni. Nilimwambia asimwonyeshe mtu, akanijibu, "Hata wewe?"